Banda Lisilo na Bendera

Habari hii ni ya Nyanzala binti Masunga, mwalimu wa chekechea ya Isengwa, na nimeipokea kutoka kinywani mwake mwenyewe. Nimeacha baadhi ya maneno aliyoyasema akiwa amekasirika, maana msomaji naye ana hasira zake, hana haja ya kuongezewa za watu. Yaliyobaki nimeyaandika kama alivyoyasema.

Watu wa Isengwa walimtuma katika nchi ya Kadiria kwa sababu mbili. Ya kwanza, ilisemekana kwamba huko watoto wadogo wanalelewa vizuri kuliko kwingine kote, na kwamba wenyeji wanajua kwa hakika, si kwa kubahatisha, ni kitu gani kinachowafanya walelewe vizuri. Ya pili, Nyanzala alijulikana kuwa mtu asiyejua kupamba neno. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia, "Mwalimu, hapa hatutaki ngano. Utakachotuandikia kwamba kimefaa huko, ndicho tutakachofanya hapa, neno kwa neno." Nyanzala alikuwa na watoto arobaini na mmoja, msaidizi mmoja, na paa linalovuja upande wa mashariki. Akaenda. Njia aliyopita haina la kusimulia. Alifika akiwa na vumbi, akapewa maji.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Mwinchande, Mpimaji Mkuu wa Kadiria, mtu mpole aliyevaa utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani. Hakuwa mtu mbaya. Nyanzala alilisema hilo mara tatu, nami naliandika mara moja. Alimpitisha mgeni wake mjini akimwonyesha bendera zilizopepea juu ya chekechea, moja kwa shule dhaifu, tano kwa shule bora. Mbele ya Nyumba ya Baraza wakasimama kidogo ili mgeni asome maandishi yaliyochongwa juu ya mlango: MTOTO UMPIMAVYO NDIVYO AKUAVYO.

"Kwetu tunasema umleavyo," alisema Nyanzala.

"Na sisi tulikuwa tukisema hivyo," alijibu Bwana Mwinchande kwa upole, "kabla hatujaendelea."

Siku ya pili, Jumanne, alipelekwa katika shule ya mlezi mmoja aitwaye Kisa, yenye bendera zote tano. Walipokaribia waliwaona watoto wakitolewa nje, wawili wawili, wameshika kamba ndefu, wakienda upande wa pili wa mji. Mmoja wao alichomoka mstarini akarudi mbio, akamvuta Kisa upindo wa khanga. Alikuwa amevaa kiatu kimoja tu. Kisa hakumtazama, alikuwa akinyoosha pazia.

"Ngoja hadi Ijumaa, mwanangu," alisema.

Ndani kulikuwa safi ajabu. Rafu zilikuwa za urefu wa kiuno cha mtoto, picha zilitundikwa usawa wa macho ya mtoto, na kutoka kwenye poti hadi kwenye beseni la kunawia palikuwa na hatua nne kamili za mtoto. Mtoto mwenyewe hakuwapo hata mmoja.

"Mbona mmewatoa?" Nyanzala aliuliza.

"Leo ni siku ya kupima," alisema Bwana Mwinchande, akamweleza sababu. Zamani, enzi za baba yake, wapimaji waliingia darasani watoto wakiwamo. Chumba kimoja kilipimwa asubuhi kikapata alama tisini. Alasiri kikapimwa tena, na mpimaji yule yule, kikapata hamsini na tano. Rafu hazikuwa zimesogea wala mlezi hakuwa amebadilishwa. Baraza likakaa siku nane kutafuta chanzo, na likakipata: asubuhi watoto walikuwa wakicheka, na alasiri walikuwa wakilia.

"Umeona, Mwalimu? Waliokuwa wakiharibu kipimo ni watoto. Tukawatoa. Tangu hapo chumba kikipimwa mara kumi, alama ni zile zile mara kumi."

Nyanzala anakiri kwamba maelezo hayo yalimwingia akilini kwa muda wa kama saa nzima. Mtu akichoka na safari huweza kukubali mambo mengi.

Kisha wapimaji wawili wakaingia wamebeba Mtoto wa Mbao. Alikuwa amechongwa kwa mninga, urefu wake ni wastani wa watoto wote wa Kadiria, na uso wake haukuwa na furaha wala huzuni, kwa kuwa wastani wa uso wa mtoto ndio huo. Wakamkalisha kwenye kiti kidogo. Kisa akapiga magoti mbele yake, akamtazama machoni.

"Umeamkaje, mwanangu? Mbona leo kimya hivyo? Nani amekuudhi? Niambie mimi."

"Kuinama kumoja, maswali matatu," alisema mpimaji wa kwanza, na wa pili akaandika.

Sauti ya Kisa ilikuwa tamu, tena ya kweli, na Nyanzala aliona machozi yakimlengalenga. Wapimaji walipotoka, alibaki nyuma akamsifu kwa sauti ile. Kisa akaketi kwenye kiti cha mtoto.

"Dada, mimi niliingia kazi hii kwa kupenda watoto," alisema. "Siku hizi nikimwona mmoja, kitu cha kwanza ninachowaza ni alama za vidole ukutani."

Wiki ile Nyanzala alihudhuria Baraza. Wajumbe walikuwa siku ya tatu wakijadili kama kuinama kwa mlezi kuhesabiwe iwapo goti limegusa sakafu. Upande mmoja ulishikilia kwamba goti likigusa sakafu mlezi anajipumzisha, na kujipumzisha si upendo. Upande wa pili ukajibu kwamba upendo usiopumzika haufiki mbali. Pande zote zilisema vizuri, na Nyanzala aliandika hoja zao zote katika daftari lake. Mwishowe iliundwa kamati ya kupima magoti.

Jambo lililomtatiza zaidi lilikuwa hesabu ya siku. Mwanzoni shule za Kadiria zilipimwa mara moja kwa mwaka. Lakini kila juhudi mpya ya kuboresha malezi ilikuja na wapimaji wake, kwa kuwa si vizuri juhudi ijipime yenyewe. Sasa Jumatatu zilipimwa rafu na madirisha. Jumanne ilikuwa zamu ya kuinama na sauti. Jumatano Mtoto wa Mbao alipewa uji, ukapimwa joto na utamu wake, kisha ukamwagwa. Alhamisi walikuja wale wanaowapima wapimaji. Siku zote hizo watoto hutolewa. Walibakiwa na Ijumaa, nayo waliipitisha wakiwa wamekaa kwenye viti, mikono magotini, wasije wakachafua kile kitakachopimwa Jumatatu. Mitaa ya mbali, ambako juhudi hazijafika, shule zilipimwa Jumatatu tu, na watoto wa huko walikaa mikono magotini siku nne zilizobaki.

Nyanzala alikuwa amekwisha kuandika moyoni barua ya kuwaambia Isengwa kwamba watu wa Kadiria wana wazimu wa adabu. Ndipo ikafika Siku ya Matokeo.

Siku hiyo watoto waliotimiza miaka sita huitwa uani kwa Baraza, wa mjini na wa mitaa ya mbali, na hapo ndipo mahali pekee ambapo Kadiria huwatazama watoto wenyewe. Kila mmoja alipewa mambo matatu: asimulie hadithi aliyoisikia, awagawie wenzake wawili karanga kwa haki, na aachwe na mwenzake anayelia ili ionekane atafanya nini. Wa mitaa ya mbali walisimama wakatazama miguu yao. Wa mjini walisimulia hata wakakatazwa. Mvulana mmoja, ilipobaki karanga moja, aliipasua akampa kila mtu kipande na yeye akaramba ganda. Binti mmoja alimfuta machozi mwenzake kwa upindo wa gauni, akamuuliza ni wapi panapouma.

Bwana Mwinchande alikuwa na ubao mkubwa uliochorwa mistari. "Wanaopimwa siku moja, unawaona. Wanaopimwa siku nne, unawaona. Miaka kumi na miwili mfululizo iko hivyo hivyo. Kila tunapoongeza siku ya kupima, watoto wanazidi kufunguka." Nyanzala aliikagua hesabu ile juu hadi chini. Haikuwa na kosa.

Kwa hiyo Baraza lilitaka kuongeza siku ya tano, mjini na kwenye mitaa ya mbali pia. Sheria ilidai kwanza athibitishe shahidi wa nje, mtu asiye na ndugu nchini, kwamba ni kupima kweli kulikoleta mabadiliko. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bwana Mwinchande, akampa Nyanzala siku sita za kuchunguza.

Mwalimu wa chekechea ana faida moja juu ya wasomi: anajua kwamba mtoto hajifunzi kugawa karanga kwa kuondolewa chumbani. Kwa hiyo Jumatano asubuhi Nyanzala hakwenda shuleni. Aliifuata kamba.

Ilimfikisha kwenye banda la zamani la kukaushia tumbaku, nusu lina bati na nusu halina. Halikuwa na kibao wala bendera. Katika kanuni za Kadiria banda hilo limetajwa mahali pamoja tu, katikati ya kifungu cha kuni na kifungu cha taka, kwamba watoto siku za kupima wawekwe "mahali pasipo na hadhi ya kupimwa." Mlinzi wake alikuwa mwanamke mzee aliyeitwa Bi Mashavu. Serikali ilikuwa imempa filimbi na fimbo. Filimbi aliwapa watoto, fimbo akaifanya mwiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kukaa, kaa. Kama umekuja kusimama, unanizibia mwanga."

Nyanzala akakaa, na hakuondoka hadi jioni. Watoto walikuwa sitini. Kundi moja lilikuwa likibangua karanga kwa ajili ya uji na kugombana juu ya nani amepata ngapi, na Bi Mashavu hakuamua ugomvi wowote; alisema tu, "Hesabuni tena, mimi nasubiri." Mvulana mmoja aitwaye Mbaruku alimuuma mwenzake begani. Bi Mashavu hakumpiga. Alimkatia kipande cha muwa. "Meno yako yanataka kazi. Yape hii. Ukimaliza, nenda ukamuulize bega lake linaendeleaje." Mbaruku akatafuna, akaenda, akauliza. Mchana Bi Mashavu alisimulia hadithi ya nyani na mvua, akaikatiza katikati akidai amesahau. Hakuwa amesahau. Watoto walimkumbusha, kila mmoja kivyake, na hadithi ikawa na miisho saba.

"Bibi, mambo haya umejifunza wapi?" Nyanzala aliuliza.

"Mambo gani?"

"Haya unayowafanyia watoto."

"Mimi sifanyi kitu. Nimewekwa hapa niwalinde wasipotee. Sasa mtoto usipomjua jina, wala kinachomliza usikijue, si amekwisha kupotea?"

Nyanzala hakuliandika neno hilo kwenye daftari. Anasema alilisahau daftari kabisa, na moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameipata tangu aingie Kadiria. Sasa alijua kinachofaa ni nini. Kilichobaki ni kulitamka mbele ya Baraza.

Lakini alikuwa mwangalifu. Kesho yake, akinywa chai na Bwana Mwinchande, alimuuliza kwa mbali. "Tuseme ingeonekana kuna kitu kingine, nje ya shule, kinachowafaa watoto. Baraza lingefanya nini?"

"Tungekipa heshima yake," alisema Bwana Mwinchande, na uso wake ukang'aa. "Imewahi kutokea. Kulikuwa na fundi viatu mmoja, Mzee Songoro. Watoto walipenda kwenda kwake jioni, anawapa misumari wapige kwenye gogo, anawauliza habari zao. Baraza liliposikia liliguswa sana. Tukampima. Ana bendera tano hivi leo."

"Na watoto?"

"Hawaruhusiwi kukaribia, bila shaka. Wangeharibu." Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Mzee huwauliza wapimaji kama watarudi. Nadhani anatupenda."

Nyanzala aliweka kikombe chini. Hapo aliona mambo mawili waziwazi, na usingizi ukamtoroka kwa siku mbili. Akilitaja banda, Mtoto wa Mbao ataingizwa humo Jumatatu, watoto watatolewa, na Bi Mashavu atajifunza kuzungumza na ubao. Asipolitaja, kupima kutapewa sifa isiyo yake. Na yeye alikuwa ametumwa kwa sababu hajui kupamba neno.

Siku ya ushahidi Baraza lilijaa. Nyanzala alitakiwa aweke mkono juu ya kichwa cha Mtoto wa Mbao aape. Mninga ulikuwa baridi. Alimwona Kisa ameketi nyuma kabisa, kichwa ameinamisha.

"Nimetazama kwa macho yangu," alisema Nyanzala. "Siku mnazopima ndizo siku zinazowafaa watoto. Siku wasipopimwa wanakauka. Watoto wa mitaa ya mbali nao wapimwe kama hawa wa mjini. Ongezeni siku ya tano."

Hapakuwa na neno la uongo ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma. Wajumbe walisimama wakapiga makofi, wale wa goti kugusa na wale wa goti kutogusa, na Bwana Mwinchande alitoa machozi bila kuona aibu. Azimio likapita palepale: siku tano, mitaa yote. Karani akaandika ushahidi ule nakala tatu. Moja ya Baraza, moja ya kumbukumbu, na ya tatu, kwa heshima ya mgeni, ya kijiji cha Isengwa. Tarishi akaondoka nayo saa ile ile, pamoja na zawadi ya Mtoto wa Mbao mpya na mpimaji mmoja wa kuwafundisha wenyeji. Nyanzala alishukuru. Mtu anayepigiwa makofi hasikii sana anachoshukuru.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja bandani, karibu anakimbia, kupeleka habari njema. Bi Mashavu alimsikiliza yote, hata habari ya nakala na zawadi zilizotumwa Isengwa, huku akimsuka mtoto nywele.

"Siku tano," alisema.

"Ndiyo, bibi. Hawatakaa tena mikono magotini hata siku moja."

"Na wa mitaa ya mbali?"

"Nao pia. Kila siku."

"Basi wale thelathini wanaoletwa Jumatatu watakuja kila siku. Ni tisini." Bi Mashavu alifunga msuko, akaanza mwingine. "Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa nikinyoosha mgongo. Hukuniuliza."

Kweli Nyanzala hakuwa amemuuliza. Katika siku zote sita za kupima faida na hasara, mgongo wa mwanamke huyu haukuwa umemjia akilini.

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Watoto hawana kosa, nitawapokea. Mkubwa atambeba mdogo." Kisha akamtazama. "Lakini wewe unarudi kwenu. Ulisema una watoto wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Hiyo karatasi yako ikifika, wakiletewa huo ubao wakatolewa nje, watakwenda wapi? Banda liko?"

Ndipo Nyanzala alipoyasikia maneno aliyoyashukuru. Tarishi alikuwa amekwisha kutangulia mbali, hafikiki tena. Mwenyekiti wa Isengwa angesoma neno kwa neno na kutekeleza neno kwa neno, kwa kuwa ushahidi ulitoka kwa mtu asiyejua kupamba. Watoto wangetolewa Jumatatu ya kwanza, wameshika kamba, na mbele ya kamba hakuna kitu. Aliogopa, na ananiambia hajawahi kuogopa vile, hata siku mto ulipofurika na yeye yuko ng'ambo. Akaketi chini, akafungua ukurasa safi.

"Bibi, nifundishe," alisema. "Nianzie wapi?"

"Kwanza tafuta banda bovu," alisema Bi Mashavu. "Liwe bovu hata mkubwa yeyote akipita asione haja ya kuingia."

Nyanzala aliandika upesi, akainua kichwa.

"Bovu kiasi gani?"

Bi Mashavu aliitazama ile kalamu, kisha akamgeukia mtoto aliyekuwa akilia upande wa pili wa banda, akamuuliza ni wapi panapouma.